Kipindupindu na Mlango Anaopitia Adui

Mnamo Februari 2015 kipindupindu kilizuka katika eneo la Bwera, wilayani Kasese, kando ya mpaka wa Uganda na Kongo. Wagonjwa wa kwanza walikuwa watu wa biashara ya kuvuka mpaka. Hadi Julai ugonjwa ulikuwa umeingia vijiji 80. Watu 183 walishukiwa kuugua, na wawili walifariki. Wagonjwa 49 waliothibitishwa walipohojiwa, 46 kati yao walikuwa wakinywa maji yasiyochemshwa wala kutiwa dawa. Askari wa zamu pale Mpondwe aweza kukagua mizigo na hati za kila apitaye, lakini kijidudu cha maradhi haya huvuka ndani ya tumbo la msafiri, wala hakina hati.

Hapo zamani palikuwa na sindano ya kipindupindu na cheti chake. Sindano za namna hiyo zilianza kutumika India katika miaka ya 1890, na kwa miongo mingi msafiri alitakiwa kuonyesha cheti mpakani. Mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani liliondoa sharti hilo, kwa kuwa sindano ile ilikinga kidogo na kwa muda mfupi, wala haikuzuia ugonjwa kuvuka mipaka.

Sababu ya udhaifu huo imeelezwa vizuri na kazi ya Jan Holmgren, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Sweden, aliyeutafiti ugonjwa huu kwa miaka mingi. Kijidudu cha kipindupindu hakiingii katika damu. Hujishikiza juu ya ngozi laini ya utumbo na kutoa sumu. Mnamo 1973 Holmgren na wenzake walionyesha mahali hasa ambapo sumu hiyo hunasa juu ya chembe za utumbo. Sumu ina sehemu mbili: moja ya kushika, ambayo peke yake haina madhara, na nyingine ya kudhuru, ambayo huingia ndani na kuifanya chembe imwage maji na chumvi bila kukoma. Mtu mzima mwenye nguvu aweza kufa kwa saa chache kwa kukaukiwa maji.

Basi kinga iliyomo katika damu ni kama kikosi kilichowekwa makao makuu ilhali adui yuko langoni. Holmgren, pamoja na Ann-Mari Svennerholm, aliona kwamba chanjo hapana budi inywewe, ili utumbo wenyewe ujitengenezee kinga papo hapo. Wakachanganya vijidudu vilivyouawa na ile sehemu ya sumu isiyodhuru. Kwa kuwa asidi ya tumbo huiharibu sehemu hiyo, chanjo hunywewa pamoja na maji yaliyotiwa magadi maalumu.

Jaribio kubwa lilianza mwaka 1985 huko Matlab, Bangladesh. Katika miezi sita ya kwanza chanjo ilizuia ugonjwa kwa asilimia 85. Kwa miaka mitatu wastani ulishuka hadi karibu nusu, na watoto wadogo walipoteza kinga mapema zaidi. Holmgren na wenzake hawakuyaficha hayo. Ilibainika pia kwamba vijidudu vilivyouawa, bila ile sehemu ya sumu, vilikinga karibu sawa kwa muda mrefu. Kutokana na ujuzi uliotoka Gothenburg, Vietnam na baadaye India zilitengeneza chanjo rahisi isiyohitaji magadi.

Nchini Uganda chanjo ya Sweden ilitumika mwaka 1997 kwa wakimbizi wa Sudan huko Adjumani. Zanzibar iliitumia mwaka 2009, na waliokunywa dozi mbili walikingwa kwa asilimia 79. Jambo la kufurahisha ni kwamba hata majirani wasiochanjwa walipata nafuu, maana vijidudu vilivyomwagwa katika mazingira vilipungua.

Hata hivyo kuna wakati chanjo haikutosha dunia nzima. Akiba ya kimataifa ilianzishwa mwaka 2013, na Oktoba 2022, kwa sababu ya upungufu, iliamuliwa kwamba palipo na mlipuko itolewe dozi moja badala ya mbili. Dozi moja hukinga kwa muda mfupi zaidi. Na huko Bwera mwaka 2015, maji ya mifereji na ya vijito, yote mawili, yalikutwa na dalili za kinyesi.