Fakenham: Kiwanda cha Gesi Kilichosalia Kizima

Katika mji mdogo wa Fakenham, jimbo la Norfolk, kuna kiwanda cha gesi kilichojengwa mwaka 1846 na kufungwa 1965. Katika England na Wales yote, ndicho kiwanda pekee cha aina hiyo kilichosalia kikiwa kamili. Leo ni makumbusho.

Gesi ya mji ilipikwa. Makaa ya mawe yaliingizwa kwenye tanuri zilizozibwa zisipate hewa, nazo zikachochewa moto mkali. Gesi chafu iliyotoka ikapozwa ikadondosha lami, ikaoshwa kwa maji iachane na amonia, kisha ikapitishwa kwenye chokaa au oksidi ya chuma ili kuondoa salfa inayonuka kama mayai viza. Mwisho ikaingia kwenye tangi, chombo kikubwa cha chuma kilichofunikwa kifudifudi juu ya bwawa la maji. Gesi ikijaa, chombo kinapanda. Jioni watu wakiwasha majiko, kinashuka taratibu, na uzito wake wenyewe ndio unaoisukuma gesi mabombani hadi majumbani.

Fakenham unaifuata safari hiyo yote kwa miguu, hatua kwa hatua, na unaelewa jasho la wachochea tanuri lilitoka wapi.

Pale King's Cross, London, hali ni nyingine. Fremu za chuma za matangi ya gesi ya karne ya 19 zilifunguliwa, zikakarabatiwa na kusimamishwa upya; moja inazunguka bustani iliyofunguliwa mwaka 2015, tatu zimejengewa nyumba za kuishi ndani yake. Zinapendeza, na ni afadhali mara mia kuliko kuuzwa chuma chakavu. Lakini nguzo hizo zilikuwa za kuliongoza tangi lipande na kushuka wima. Tangi likiondoka, mgeni anaona pambo tu. Kazi iliyofanyika pale haioni.

Wenye viwanja vilivyokuwa na viwanda vya gesi wana hoja ya kubomoa: lami na sianidi zimezama ardhini, na kusafisha ni gharama kubwa. Hoja hiyo ni ya udongo, na udongo usafishwe. Ila mita, vyombo vya kusafishia gesi na michoro ya mafundi havichafui ardhi ya mtu. Hivyo viokolewe kwanza, kabla winchi haijaingia uwanjani.