Laivu Bila Chenga
Wasanii wanaojitegemea wanaturudishia muziki wa jukwaani. Swali ni kama tutawalipa.

Kuna swali ninaloulizwa sana na marafiki, hasa wale waliofunga ndoa juzi juzi: hivi nyie Ijumaa mnaendaga wapi? Sinema wameshachoka nazo. Nyama choma wamekula mpaka haina jipya. Klabu nako muziki unapigwa kwa nguvu kiasi kwamba ukitaka kumwomba mwenzio maji inabidi utumie ishara kama polisi wa barabarani.

Jibu langu siku hizi ni fupi: tafuteni mahali bendi inapiga laivu. Siongelei tamasha la uwanjani lenye mabango ya kampuni za simu kila kona. Naongelea bendi ndogo, watu watano au sita, ukumbi wa watu mia hivi, na nyimbo ambazo pengine hujawahi kuzisikia redioni. Mimi na mume wangu tumekuwa wateja wa jioni za namna hiyo kwa miaka kadhaa, na nina sababu zangu za kukushawishi na wewe.

Huyu msanii wa kujitegemea ni nani?

Wenyewe wanapenda kujiita "indie". Kwa lugha yetu ni msanii anayejitegemea: analipia studio kwa hela yake, nyimbo ni mali yake, shoo anajitafutia, na mara nyingine hata bango la shoo kalichora mwenyewe usiku wa manane. Watu wengi wanadhani indie ni aina fulani ya muziki, gitaa na sauti ya huzuni. Hapana. Anaweza akapiga taarabu, mchiriku au soul. Kinachomtambulisha ni nani anayelipa bili na nani mwenye kauli ya mwisho.

Chukua Just A Band wa Nairobi, walioanza mwaka 2003 wakiwa wanafunzi. Walirekodi wenyewe na kutengeneza video wenyewe. Mwaka 2010 video yao ya "Ha-He" ikamzaa Makmende, yule shujaa wa kuchekesha aliyeenea mtandaoni kama moto wa nyikani, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa bado tunajifunza kutumia mitandao. Sauti Sol nao walianzia hapo hapo Nairobi mwaka 2005, vijana wa kuimba kwa sauti tupu bila ala. Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ilitoka 2008. Kufika 2023, walipotangaza kupumzika kama kundi, walikuwa miongoni mwa majina makubwa kabisa Afrika Mashariki. Kama kuna mtu aliwaona mwanzoni kwenye ukumbi mdogo, leo ana hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

Tulikotoka

Kwa Mtanzania, laivu siyo mtindo mpya. Wazazi wetu walichumbiana kwenye dansi. NUTA Jazz ilianza 1964, Mlimani Park Orchestra ikaja 1978, na mtu alikuwa na bendi yake kama alivyokuwa na timu yake ya mpira. Ukienda kwenye dansi ulikuta wapulizaji wa tarumbeta, magitaa matatu, waimbaji wamepanga mstari, na wimbo mmoja ulikwenda dakika kumi bila mtu kulalamika.

Kisha kompyuta ikaingia studio. Kijana asiye na gitaa akaweza kutoa wimbo, na hilo lilikuwa jambo jema. Bongo fleva isingezaliwa bila hivyo. Lakini jukwaani tukaletewa plebeki. Msanii anapanda, wimbo unachezwa kama ulivyorekodiwa, yeye anarukaruka na kutuelekezea maikrofoni tuimbe sisi. Tumelipa kiingilio, na kazi tumefanya wenyewe.

Ndiyo maana nawaheshimu watu wa Sauti za Busara. Tangu tamasha hilo lianze Zanzibar mwaka 2004, wameshikilia sharti moja: hapa mnapiga laivu. Kwa miaka mingi uwanja wao mkuu ulikuwa Ngome Kongwe, na wasanii wengi wa kwetu walilazimika kuunda bendi ili wapate nafasi. Sharti moja tu, lakini limewarudisha watu wengi mazoezini.

Mambo matatu yanayovuma

La kwanza, asili imerudi na nguo mpya. Mfano ninaoupenda ni Siti & the Band wa Zanzibar. Siti Amina anaimba na kupiga udi, na wenzake wanachanganya taarabu na jazz, funk na reggae. Ni zao la kizazi kilichopitia chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Albamu yao ya Fusing the Roots ilitoka 2018. Ukiisikiliza unaelewa kwamba kijana anaweza kumheshimu bibi yake bila kuvaa viatu vya bibi.

La pili, shoo imetoka gizani. Mwaka 2008 mwanamuziki Muthoni Drummer Queen alianzisha Blankets & Wine jijini Nairobi: mchana kweupe, nyasi, mikeka, vikapu vya chakula, na bendi mbele. Watu walikuja na wachumba, wengine na watoto. Wazo hilo likavuka mpaka hadi Kampala. Wanaofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa walipata muziki usiodai wakeshe.

La tatu linawaudhi wapenzi wa magitaa: laivu imeanza kuwa na sura nyingine. Jagwa Music wa Dar walikwenda kwenye majukwaa ya Ulaya na mchiriku wao, kinanda kidogo cha Casio na ngoma, na albamu yao ya Bongo Hotheads ikatoka 2012. Singeli nayo ilivuka mipaka baada ya lebo ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, kutoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Jukwaani unaweza kukuta kompyuta moja na kijana mwenye maikrofoni, basi. Je, hiyo ni laivu? Kwangu mimi ndiyo, ilimradi anachotamka kinatoka kinywani mwake wakati ule ule, na akikosea wote tunasikia. Laivu ni kuthubutu mbele za watu. Plebeki haina hofu, na kisicho na hofu hakisisimui.

Hesabu za mlangoni

Sasa tuongee hela, maana hapa ndipo penye kidonda. Tuseme bendi ya watu 6 imepata ukumbi. Kiingilio shilingi 10,000, na wameingia watu 80. Hiyo ni 800,000, inasikika vizuri. Toa 300,000 za kukodi mitambo na fundi wake. Toa 80,000 za gari la kubeba vyombo. Inabaki 420,000, yaani 70,000 kwa kila mmoja. Kumbuka walifanya mazoezi siku nne kabla, na nauli kila mtu alijilipia.

Halafu fikiria kwamba kati ya wale 80, watu 25 waliingia bure kwa sababu "mimi ni mshikaji wa mpiga besi". Makusanyo yameshuka hadi 550,000. Ukishatoa gharama zile zile, kila mwanamuziki anaondoka na kama 28,000. Mwezi ujao mpiga besi anapokea simu ya kwenda kupiga nyimbo za watu hotelini kwa malipo ya uhakika, na bendi inakufa kimya kimya. Hakuna tangazo wala msiba. Unakuja kushtuka tu kwamba huwasikii tena.

Na mambo haya hayawapati wadogo peke yao. Sauti za Busara yenyewe ilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, ikarudi 2017. Kama jina kubwa kiasi hicho linaweza kuruka mwaka, bendi ya mtaani kwako ina nguvu gani?

Mnakwenda wawili? Zingatieni haya

Sikilizeni nyimbo mbili tatu kabla ya kwenda. Ukijua kiitikio, usiku unakuwa wako.

Fikeni mapema. Msanii wa kwanza kupanda kwa kawaida ndiye mwenye watu wachache na njaa kubwa, na anayepiga kwa njaa hupiga vizuri.

Simu mfukoni. Rekodi wimbo mmoja kwa kumbukumbu, zilizobaki mwangalie mwenzio anavyofurahi. Wapo watu nimeishi nao mwaka mzima ofisini bila kujua wanaweza kucheza!

Lipeni kiingilio, hata kama mnamjua mpiga besi. Hasa kama mnamjua mpiga besi.

Mkipenda, nunueni kitu: CD, fulana, chochote kilichopo mezani. Na mkishindwa, mwambieni msanii mlipenda wimbo upi. Sifa hailipi kodi ya nyumba, ila humfanya mtu aende mazoezini Jumanne.

Faida yenu ni ipi? Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Akitoka kazini anaweza kumaliza taarifa ya habari na chakula bila kusema lolote zaidi ya "chumvi". Lakini tukitoka kwenye shoo, njia nzima anaongea: yule mpiga drams, ule wimbo wa tatu, kwa nini umemkumbusha Morogoro alikosomea. Mengi ninayoyajua kuhusu ujana wake nimeyasikia garini, usiku, tukitoka kusikiliza bendi. Kwa shilingi 20,000 za watu wawili, sijaona ushauri nasaha wa ndoa wenye bei hiyo.

Basi wikiendi hii ulizia nani anapiga wapi. Mshike mwenzio mkono, na mfikapo mlangoni, toa pochi.