Khaman Maluach: Kimo Peke Yake Hakilindi Kikapu

Mtajie kijana wa Hai Malakal, mjini Juba, jina la Khaman Maluach, na huenda jambo la kwanza atakalokujibu ni urefu wake. Si ajabu. Hii ndiyo nchi iliyomtoa Manute Bol, mtu wa sentimita 231, ambaye baada ya msimu mmoja tu katika Chuo Kikuu cha Bridgeport alikwenda Washington na kuzuia mitupo 397 katika msimu wa 1985–86. Tangu hapo kimo kimekuwa kama cheo begani: mtu akikiona hupiga saluti kwanza, maswali baadaye. Lakini ninyi askari mnajua kwamba cheo hakilindi lindo. Mlinzi hupimwa saa nane za usiku, adui akiwa amekwisha kufika.

Maluach alizaliwa Rumbek tarehe 14 Septemba 2006, akakulia Kawempe, Kampala, baada ya jamaa yake kuikimbia vita. Mpira wa kikapu alianza kuucheza mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi. Mwaka 2023 alikuwamo katika timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia, na mwaka 2024, akiwa na miaka 17, alishiriki Olimpiki ya Paris. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Duke, huko North Carolina, alikopita Luol Deng, mzaliwa wa Wau, miaka ishirini kabla yake. Mimi nitampima kwa msimu huo mmoja wa chuo, 2024–25, kwa kuwa ndio uliompandisha thamani na ndio pia uliomfichua.

Alicheza mechi 39, wastani wa dakika 21 kwa mechi, akapata pointi 8.6 na kudaka mipira 6.6 iliyodunda kutoka kwenye ubao. Katika kila mitupo 100 aliyoijaribu, 71 iliingia. Hesabu hiyo inapendeza, lakini tuichunguze. Maluach husimama kama ukuta njiani mwa anayemkaba mwenzake, kisha hugeuka na kukimbilia kikapu, na mpira hurushwa juu mahali asipofika mwingine. Akiinua mkono pasipo kuruka, hubakiza kama sentimita 15 tu kuifikia pete. Kazi hiyo aliifanya vizuri mno, ila wenzake ndio waliomwandalia meza. Pale alipotakiwa yeye kumwandalia mwingine, alitoa pasi ya kufungia moja tu kwa kila mechi mbili.

Kwa maoni yangu, namba iliyo bora kuliko hiyo ya 71 ni ile ya mitupo ya adhabu. Katika 100 alifunga karibu 77. Hapo urefu hausaidii kitu, wala hakuna mwenzake wa kumrushia mpira. Ni mkono, pumzi na utulivu. Mitupo yake ya mbali ilikuwa michache, na iliyoingia ilikuwa kama robo tu. Hata hivyo, mkono unaotulia kwenye mstari wa adhabu ni mkono unaofundishika, na hiyo si sifa ndogo kwa kijana aliyeanza mchezo huu miaka sita tu kabla.

Tuje kwenye usiku wenyewe. Tarehe 5 Aprili 2025, mjini San Antonio, Duke ilipambana na Houston katika nusu fainali. Hapakuwa na mtu wa Houston aliyemfikia Maluach kwa kimo. Naye, kwa muda wa takriban dakika 20 alizocheza, hakudaka hata mpira mmoja kutoka kwenye ubao. Duke, iliyokuwa ikiongoza hadi sekunde za mwisho, ikashindwa 70 kwa 67.

Siku hiyohiyo serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Wako watakaosema kwamba habari hiyo ndiyo iliyomvunja nguvu. Kijana huyo alistahili kuhurumiwa, lakini mimi naona sababu ilikuwa chini, miguuni. Kudaka mpira huanzia kiunoni. Watu wa Houston waliinama, wakamgeuzia mgongo na kumsukuma nje ya nafasi kabla mpira haujashuka, naye akabaki amenyoosha mikono mirefu mahali ambapo mpira hauji. Hilo ni kosa la mtu aliyechelewa kupata mafunzo, wala si la mvivu.

Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2025 alichaguliwa wa kumi kati ya wote, na Houston Rockets kwa niaba ya Phoenix Suns, katika mabadilishano yaliyomhamisha Kevin Durant. Usiku huohuo Phoenix ikapanga kumchukua Mark Williams, mchezaji mwingine wa kati aliyepitia Duke, na msimu ulipoanza Maluach akawa nyuma yake. Wengine walisikitika. Mimi sikusikitika: afadhali ajifunze kusimama akiwa benchi kuliko kuangushwa kila jioni mbele ya maelfu.

Timu ya taifa itakapocheza tena, anayetaka kujua kama amekomaa asiufuate mpira kwa macho unaporushwa. Aitazame miguu ya Maluach: je, amekwisha kuinama na kumtafuta mtu wa kumzuia, au bado amesimama wima akingoja?