Jarida la Muziki wa Kujitegemea: Desturi Ipi Ishikwe, Ipi Ivunjwe

Vijana hutujia ofisini na wazo la kuchapisha jarida la wanamuziki wa hapa kwetu, wale wasio na mkataba na kampuni yoyote ya kurekodi. Mara nyingi huwa wameshachora jalada. Mara nyingi pia jalada hilo halimwambii mtu kwamba hili ni jarida la muziki. Pesa ya mpiga chapa ikishatoka mfukoni hairudi, kwa hivyo mambo haya yafaa yaeleweke mapema.

Jarida la muziki lina desturi zake. Jina hukaa juu kabisa kwa herufi kubwa, kwa sababu kwenye rafu majarida hufunikana na sehemu ya juu ndiyo hubaki wazi. Chini yake huwa na picha moja kubwa ya msanii akimtazama msomaji usoni, pembeni vichwa vichache vya habari, kisha tarehe na bei. Ndani kuna habari fupi, uchambuzi wa albamu na mahojiano makuu. Hata kijarida hiki cha kaunti kina desturi yake: nembo juu, na picha za watu wakikata utepe. Mkazi hukitambua kabla hajasoma neno.

Majarida ya muziki wa kujitegemea yalijipatia sura kwa kuvunja baadhi ya desturi hizo. Jijini London, mwaka wa 1976, karani wa benki aitwaye Mark Perry alianzisha Sniffin' Glue, kuhusu muziki wa panki. Aliandika kwa taipureta, vichwa akavichora kwa kalamu nene, kisha akatoa fotokopi. Uwezo wake ulikuwa huo tu, lakini sura ile isiyopigwa pasi ilifanana na muziki wenyewe. Wengi waliiga. Alipolifunga mwaka wa 1977, uvunjaji wake wa desturi ulikuwa umekuwa desturi nyingine.

Kule Marekani, Ray Gun lilianza mwaka wa 1992, msanifu wake akiwa David Carson. Herufi zilipandana, safu zikakatika katikati. Mwaka wa 1994 aliona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry hayana ladha, akayapanga yote kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama kama nyota na mikasi badala ya herufi. Hakuna aliyeweza kuyasoma. Kisa hiki husimuliwa kama ushujaa, ila wachache hutaja kwamba maandishi yanayosomeka yaliwekwa nyuma ya toleo hilohilo. Binafsi sikipendi sana. Ferry alikuwa na jina tayari. Msanii chipukizi wa kijijini akifanyiwa hivyo, amenyimwa pengine nafasi yake ya kwanza ya kusikika.

Kwa hivyo acha jina lisomeke na mahojiano yasomeke, halafu vunja picha. Badala ya uso, weka mikono ya mpiga ngoma, au gitaa lililofungwa kwa waya. Vichwa viwe kwa Sheng ikiwa ndivyo wasanii wenu wanavyozungumza. Wino mweusi peke yake juu ya karatasi ya rangi hupunguza gharama, na hupendeza kuliko rangi nyingi zilizofifia. Ukivunja kila kitu kwa pamoja, msomaji hatajua umevunja nini.

Kwa mpiga chapa kuna hesabu isiyobembelezwa. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, basi jarida la kubanwa kwa pini huwa na kurasa 8, 12 au 16, si 10. Picha zinazofika ukingoni huongezwa milimita 3 kila upande, zisiachwe na mstari mweupe baada ya kukatwa. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp hubanwa na huweza kutoka na ukungu ikikuzwa. Omba faili asili.

Wala usichote picha mtandaoni. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inalinda picha na maneno ya nyimbo pia. Pata ruhusa ya mwenye haki kwa maandishi.

Kabla ya kulipia nakala zote, toa moja tu. Iweke dukani kati ya majarida mengine, rudi nyuma hatua tatu, kisha muulize mtu ambaye hajawahi kuiona: hili ni jarida la nini?