Nani Mwenye Kauli na Siku Yako?

Vitabu vingi vya kupunguza msongo wa kazi vimeandikwa kwa ajili ya mtu wa aina moja: mwajiriwa wa ofisini, mwenye meza yake na mshahara mmoja, anayetoka saa kumi na moja jioni kwenda kwenye nyumba isiyohusiana kabisa na kazi yake. Huyo anaambiwa asibebe kazi nyumbani. Ushauri ni mzuri, ila ukiupeleka Bonga unapwaya. Bonga ni kata ya Mji wa Babati, mkoani Manyara, kusini mwa mji kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Kwenye makaratasi ni mjini. Kwa macho ni mahindi, mbaazi na alizeti hadi karibu na ukuta wa nyumba. Mwalimu wa pale akitoka shule anakwenda palizi. Muuguzi wa zahanati ana kuku wa kienyeji na zamu ya kikoba. Fundi cherehani ana ekari zake mbili. Waambie hawa watenganishe kazi na maisha, watakuuliza ipi katika hizo ndiyo kazi.

Ndiyo maana sura hii haianzi na saa ngapi mtu anafanya kazi. Inaanza na nani anaamua: kazi ianze lini, iishe lini, ifanywe kwa mpangilio upi, na nani analipa mambo yakiharibika.

Kwanza mwili. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal, alichapisha taarifa fupi kuhusu panya aliowatesa kwa njia tofauti: baridi, kuchoshwa misuli, dawa zenye sumu. Mateso yalitofautiana lakini miili ilijibu kwa namna moja. Tezi zilizo juu ya figo zilivimba, kinga ikanywea, tumbo likatoka vidonda. Leo tunajua kwamba tezi hizo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio na sukari ikapanda kwenye damu, ili mtu apigane au atoke mbio. Ukikutana na kiboko kandokando ya Ziwa Babati, mtambo huo unaokoa maisha. Hatari yake ikipita, unazimika. Taabu ni kwamba mwili huwasha mtambo uleule kwa ajili ya deni, na deni halikufukuzi dakika tano kisha likarudi majini.

Nifungue mabano kidogo kuhusu vidonda vya tumbo, maana huku kwetu kila mwenye vidonda huambiwa apunguze mawazo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, zinazonunuliwa duka la dawa kama pipi. Mwenye vidonda akapime. Kupunguza mawazo ni kuzuri, lakini hakuui bakteria.

Turudi kwenye kauli. Mwaka 1979 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Karasek, alitoa hoja ambayo mpaka leo ni nguzo ya taaluma hii. Alisema kazi ipimwe kwa mambo mawili: inakudai kiasi gani, na wewe una uamuzi kiasi gani juu ya namna ya kuifanya. Kazi inayodai sana lakini ikampa mtu uamuzi humchosha na kumkuza kwa wakati mmoja. Inayodai sana huku ikimnyima uamuzi ndiyo inayomla. Utafiti wa Whitehall, ulioanza London mwaka 1967 na ambao matokeo yake Michael Marmot alikuja kuyachambua, uliwafuatilia watumishi wa serikali wa kiume na kukuta kwamba wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko wakubwa wao. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya pengo hilo. Bosi aliyezoea kulalamika kwamba mzigo wote uko kichwani mwake aisome taarifa hiyo taratibu.

Waangalie vijana wawili kwenye kijiwe cha bodaboda. Wote wanaamka alfajiri, wote wanakula vumbi. Mmoja pikipiki ni yake. Mwingine anaendesha ya tajiri na kila jioni lazima apeleke hesabu. Mvua ikinyesha kutwa, wa kwanza amekosa hela; wa pili amekosa hela na tena anadaiwa. Wa kwanza akiumwa kichwa anarudi kulala. Wa pili anameza panadoli na kukaza mwendo, na saa tatu usiku bado anasaka abiria wa mwisho, akiwa amesinzia nusu. Ukihesabu saa tu, siku zao zitaonekana zinafanana.

Mwalimu naye tumtazame kwa karibu. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, watoto waliokuwa nyumbani wameingia shule, jambo la heri, na madarasa yamejaa. Tuseme ana wanafunzi 80. Akitumia dakika moja tu kwa kila daftari, somo moja linakula saa nzima na dakika ishirini za kusahihisha. Hiyo anaweza kuipanga: nusu kabla ya kula, nusu baadaye. Sasa saa mbili na nusu usiku simu inalia, ni kundi la WhatsApp la shule. Inatakiwa idadi ya wanafunzi wasio na madawati, kwa darasa na kwa jinsia, kabla ya saa mbili asubuhi. Takwimu ileile ilitumwa wiki iliyopita kwenye jedwali jingine. Kuijaza ni kazi ya robo saa. Kinachomwudhi ni kwamba hakuna usiku anaoweza kusema umekuwa wake, maana ujumbe mwingine unaweza kuingia wakati wowote, naye anailaza simu kando ya mto akiwa nusu kazini.

Sabine Sonnentag, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyopumzika. Mwaka 2007, pamoja na Charlotte Fritz, alitaja mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu: akili kuachana na kazi, mwili kutulia, kujifunza au kumudu jambo jipya, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako. Kukaa bila kufanya chochote hakumo kwenye orodha kama sharti. Hapo Bonga inatufundisha jambo. Shamba linaweza kuwa pumziko halisi la mwalimu: kazi ya mkono baada ya kazi ya maneno, mahali ambapo yeye ndiye mkuu wa shule, na matokeo anayaona kwa jicho. Anayesema mtumishi wa umma mwenye shamba hana uwiano wa maisha amehukumu haraka.

Lakini shamba hilohilo hugeuka. Agosti 2017 India iliweka kikomo kwa mbaazi zinazoingizwa nchini mwake, na bei ikaporomoka kote walikolima kwa ajili ya soko hilo, Babati ikiwa mstari wa mbele. Waliokuwa wamelima kwa akiba waliumia. Waliolima kwa mkopo walipoteza usingizi. Na ikiwa mkopo wenyewe ni ule wa mtaani, kausha damu, ambapo mkopeshaji hushika kadi ya benki ya mtumishi na kujitolea fedha siku ya mshahara, basi mwenye kauli si mwalimu tena, wala si mwajiri. Kwa maoni yangu, kwa watumishi wengi wa ngazi ya chini nchini, deni la namna hiyo huvuruga kazi na nyumba kuliko mzigo wa kazi wenyewe. Semina ya kupumua kwa kina haigusi hapo. Kinachogusa ni kukaa chini na mwenzi wa ndoa, kuandika nani anadai nini, na kuhamishia deni kwenye chama cha akiba na mikopo chenye riba inayojulikana, hata ikibidi kuuza mbuzi.

Nyumbani nako kauli haigawanywi sawa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko mtu yeyote nchini, na likawageukia wanaume kuwauliza wao wanafanya saa ngapi. Wengi wamelisahau fungu hilo. Muuguzi wa zahanati akitoka zamu ana kuni, maji, chakula na mtoto mwenye homa. Akipata nafuu, mara nyingi ni kwa sababu kuna binti wa miaka kumi na tisa anayeamka kabla yake na kulala baada yake. Nimeona semina zinazowasifu akina mama kwa kusawazisha kazi na familia bila kumtaja dada wa kazi hata mara moja. Uwiano wa mama huyo umenunuliwa kwa saa za binti huyo, na sheria ya kazi inamhusu naye pia.

Sheria yenyewe ni ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka 2004, na si wengi waliowahi kuifungua. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, tisa kwa siku, siku sita. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na kila moja hulipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo unastahili saa moja ya mapumziko, na kati ya siku na siku ziwepo saa 12. Likizo ya mwaka ni siku 28. Sasa piga hesabu ya mlinzi wa ghala anayeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku saba: saa 84. Hata ukijumlisha saa zote za ziada zinazoruhusiwa, hazifiki 58. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa tathmini mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Mwenye duka anayefungua saa moja asubuhi na kufunga saa nne usiku hana sheria ya kumlinda, maana bosi ni yeye. Ajilinde kwa kufunga Jumapili mchana.

Kuhusu simu, Ufaransa tangu Januari 2017 inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao namna ya kutoguswa nje ya saa za kazi. Nchini Kenya muswada wa aina hiyo ulipelekwa Seneti mwaka 2022. Shule haihitaji kungoja Bunge. Mkuu wa shule anaweza kutangaza kwamba takwimu zitakusanywa mara moja kwa wiki, kwamba daftari moja la takwimu litakaa ofisini ili anayeulizwa aangalie humo, na kwamba ujumbe unaotumwa baada ya saa kumi na mbili jioni utajibiwa kesho yake, isipokuwa mtoto ameumia. Gharama yake ni daftari, na ujasiri wa kumwambia aliye juu kwamba jibu litafika asubuhi. Ujasiri huo ndio adimu.

Ipo hatua ambapo mipango haitoshi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya mwaka 2019, linaeleza uchovu uliopitiliza wa kazi kwa alama tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kuichukia kazi au kuikejeli, na kuona hufanyi lolote la maana. Linauita hali ya kikazi, haliuhesabu kuwa ugonjwa. Lakini ukikosa usingizi, hamu ya kula na furaha kwa zaidi ya wiki mbili, au ukianza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, hapo ni suala la daktari, na kwa wazo hilo la mwisho usingoje hata siku moja. Wengi hawaendi kwa sababu wakisikia afya ya akili wanaiona Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na vicheko vya mtaani. Anza na zahanati, au nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Babati. Omba cheti. Sheria inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu. Sharti lake ni cheti cha daktari.