KUPUNGUZA AU KUZIBA? ISTILAHI YA KISWAHILI NA DAWA ZA KUZIBA VIPOKEZI VYA HOMONI ZA KIUME

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili huulizwa mara kwa mara istilahi zina faida gani kwa mtu wa kawaida. Jibu mojawapo lapatikana Shanzu, bara ya kaskazini ya Mombasa. Mzee wa huko aliyepatikana na saratani ya tezi dume iliyosambaa hupanda matatu, akapita Bamburi, akavuka daraja la Nyali na kuingia kisiwani kutafuta matibabu ya rufaa. Huweza kurejea nyumbani akiwa amechomwa sindano na kupewa vidonge. Akiambiwa kwamba vyote viwili ni “dawa ya kupunguza homoni”, atakuwa ameelezwa kwa ufupi na kwa nia njema, lakini hatakuwa ameelezwa ukweli. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanaume nchini Kenya kulingana na makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, hivyo suala hili haliwahusu watu wachache. Makala haya yanaeleza jinsi vidonge hivyo vinavyofanya kazi, na kwa nini kitenzi kinachotumiwa kuvieleza ni jambo la afya.

Homoni na kitasa chake

Testosteroni ni homoni ya kiume ambayo sehemu yake kubwa hutengenezwa katika korodani. Husafiri kwa damu hadi kwenye seli, na ndani ya seli hukutana na protini iitwayo kipokezi. Uhusiano wa viwili hivi ni kama wa ufunguo na kitasa. Homoni ikiingia katika kipokezi, kipokezi huelekea kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni ambazo, katika tezi dume, huchochea ukuaji. Seli za saratani ya tezi dume hutegemea mlango huohuo.

Mnamo mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago walionyesha kwamba kuondoa korodani hudhoofisha saratani hii. Huggins alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Njia hiyo ilikuwa ya kumnyima mwenye ufunguo chuma cha kuuchongea. Baadaye maabara zilibuni njia ya pili, nayo ni kuziba kitasa. Flutamidi iliidhinishwa Marekani mwaka 1989, bikalutamidi mwaka 1995 na enzalutamidi mwaka 2012. Bikalutamidi iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015. Molekuli za dawa hizi hutoshea katika kipokezi lakini hazikizungushi. Ufunguo halisi ukifika, hukuta tundu limejaa.

Kupunguza si kuziba

Hapa ndipo vitenzi viwili vinapotengana. Sindano kama goserelini hupunguza: huifanya tezi ya pituitari iache kuziamuru korodani zitengeneze testosteroni. Kidonge cha bikalutamidi hakipunguzi. Kikitumiwa peke yake, kiasi cha testosteroni katika damu huweza hata kupanda, na sehemu yake hugeuzwa kuwa homoni ya kike. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa huvimba matiti na kusikia maumivu. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba dawa “inapunguza” akiona kipimo kimepanda, atadhani dawa imeshindwa.

Hatari kubwa zaidi imo katika siku za mwanzo. Kabla ya kupunguza, sindano ya aina hiyo kwanza huzichochea korodani, na homoni hupanda kwa muda wa wiki moja au mbili. Ikiwa saratani imefika kwenye mifupa, mpando huo huweza kuzidisha maumivu, kuziba njia ya mkojo, au kubana uti wa mgongo hadi miguu ikapooza. Vidonge huanzishwa mapema ili viwe vimeziba vitasa kabla funguo hazijafurika. Sasa na afikiriwe mzee aliyeambiwa kwamba sindano na vidonge kazi yake ni moja. Akipima nauli na bei ya dawa, atajiambia kwamba sindano yatosha. Atakuwa ameacha ngao siku ileile anayoihitaji.

Uteuzi wa istilahi

Istilahi “kipingahomoni” yaweza kuundwa kwa urahisi, lakini hudokeza kwamba homoni yenyewe ndiyo inayoshambuliwa. “Kizuizi” nacho ni kipana mno; kizuizi cha barabarani husimamisha kila gari. Kitenzi “ziba” hutaja tundu maalumu, na nomino yake, “kizibo”, inajulikana na kila aliyewahi kufunga chupa. Kwa mfano wa kifunguakinywa na kipaazasauti, neno “kizibakipokezi” laweza kusimama bila kumshangaza msikilizaji.

Istilahi hiyo pia husaidia kuondoa hofu. Masikioni mwa wengi, “kuzuia homoni za kiume” ni sawa na kuondolewa nguvu za kiume. Haifai kumficha mgonjwa kwamba hamu ya tendo la ndoa huweza kupungua, hasa kwa sindano, au kwamba ini lake linahitaji kupimwa. Hata hivyo, kuziba tundu si kumvunjia mtu uanaume wake. Mhudumu aweza kusema: “Mzee wangu, sindano hii inapunguza homoni, lakini mwanzo itaipandisha. Vidonge hivi vinaziba mahali inapoingilia. Usiviache mpaka daktari akwambie.”

Maneno ya mwisho yana uzito wake, kwani kipokezi huweza kubadilika umbo baada ya muda, na kizibo kikageuka ufunguo. Mwaka 1993 madaktari waliripoti wagonjwa waliopata nafuu baada ya flutamidi kusimamishwa. Wakati wa kuacha hujulikana kwa vipimo, si kwa kukisia.

Hitimisho

Tofauti ya kupunguza na kuziba yaweza kuonekana ndogo darasani. Kwa mzee wa Shanzu, ni tofauti ya kumeza kidonge na kukiacha, na pengine ya kutembea na kupooza. Wanaounda istilahi za tiba hawana budi kuzijaribu kwanza kwa swali moja: je, mgonjwa akilisikia neno hili, atajua la kufanya atakapofika nyumbani?