Mashine Ikichukua Kazi ya Chai, Simu Yako Ina Ushahidi Gani?

Kutoka Birongo hadi mashamba makubwa ya chai ya Kericho unapitia Keroka na Sotik. Kwa miaka mingi vijana na akina mama wa Kisii na Nyamira wameifuata barabara hiyo kwenda kuchuna majani chai. Kazi yenyewe si rahisi: baridi ya asubuhi, kikapu mgongoni, malipo kwa kilo. Lakini ilikuwa na kitu ambacho kibarua cha kijijini hakina. Tarehe ya mshahara ilijulikana, kampuni ilikupa nyumba, na chama cha wafanyakazi kilikuwepo cha kukutetea. Karo na mabati ya nyumba nyingi huku Gusii yametoka kwenye kikapu hicho.

Sasa vikapu vinapungua. Mashine ya kuchuna chai hufanya kwa siku moja kazi ya watu wengi. Mnamo Machi 2023, jopokazi la Kaunti ya Kericho lilisema angalau nafasi 30,000 zimepotea kwa muda wa miaka 10 kwa sababu ya mashine hizo. Mei mwaka huo huo hasira ikalipuka, watu wakaandamana, na mashine kadhaa zikachomwa moto.

Lakini mashine haimalizi kazi zote. Inagawanya watu. Juu wanabaki wachache: anayeiendesha, fundi anayeitengeneza, msimamizi, mtu wa hesabu. Chini wanabaki wengi: wa palizi, wa kupogoa, wa kubeba mizigo, wanaoitwa leo na kuachwa kesho. Ngazi ya katikati ndiyo inayovunjika. Mwaka 2007, wachumi Maarten Goos na Alan Manning walionyesha jambo kama hilo Uingereza: kazi za malipo ya juu kabisa na za malipo ya chini kabisa ziliongezeka, zile za katikati zikapungua. Sababu ni kwamba mashine na kompyuta hupenda kazi inayojirudia kwa njia ile ile. Mchuna chai hakuwa mtu wa kipato cha kati kwa hesabu ya nchi nzima. Ila nyumbani kwake alikuwa katikati kweli, kati ya jirani mwenye cheti na jirani wa kibarua.

Hata sisi wa pesa kwa simu tumo kwenye hadithi hii. Kabla ya huduma hii kuanza Kenya mwaka 2007, pesa za nyumbani zilipitia posta au mkononi mwa makanga wa basi. Simu ikapunguza kazi hiyo, ikaleta wakala kwenye kila soko. Leo ukilipa dukani moja kwa moja kwa simu, wakala hapati kamisheni ya kukutolea pesa. Kwa hivyo usifikiri mabadiliko haya ni ya wachuna chai peke yao.

Ufanye nini, basi? Anza na haki yako. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri akipunguza wafanyakazi kwa sababu nafasi yenyewe haipo tena, anapaswa kutoa notisi ya angalau mwezi mmoja, na kukulipa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Tuchukue mfano wa mama aliyechuna chai miaka 8 kwa shilingi 500 kwa siku. Siku 15 mara 8 ni siku 120. Hiyo ni shilingi 60,000, mbali na siku za likizo ambazo hakuchukua.

"Lakini mimi nilikuwa kibarua tu," utasema. Sheria hiyo hiyo inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi. Shida kubwa ni ushahidi, na hapo ndipo simu inaingia. Mshahara ukilipwa kwa simu, kila malipo yanabaki na tarehe, kiasi na jina la aliyetuma. Omba taarifa ya miamala yako mara kwa mara na uihifadhi, hasa ukisikia mashine zinakuja. Ukilipwa taslimu, tunza karatasi za malipo na za kilo. Una miaka 3 ya kudai, kwa hivyo usilale. Mwone afisa wa kazi wa kaunti au chama chako.

Pesa hizo zikiingia, zitenganishe siku hiyo hiyo. Za chakula na karo weka kando, zilizobaki zifunge kwenye akiba. Usikope mkopo wa simu wa siku chache kununua kitu kitakacholeta faida baada ya miezi. Mkopo utaiva kabla ya faida.

Ukitaka kupanda ngazi ya juu, kumbuka ujuzi bila cheti hauonekani. Kama umejifunza ufundi wa mashine, umeme au kuchomelea kwa kufanya tu, unaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA bila kuanza chuo upya. Wanaotaka kusoma wana Kisii National Polytechnic na vyuo vya ufundi vya kaunti.

Jihadhari pia na matapeli. Watu wakipoteza kazi, ujumbe wa "umechaguliwa, tuma pesa ya usajili" huongezeka. Mwajiri wa kweli hakuombi utume pesa ndipo akuajiri, na hakuna anayehitaji PIN yako ili akulipe.

Na wewe mwenye shamba dogo hapa Birongo unayelipa wachunaji wako, walipe kwa simu pia. Unawapa kumbukumbu ambayo siku moja wataihitaji.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini limewanyima wengi haki yao: kupokea mshahara kwa laini ya ndugu au ya mume. Taarifa ya laini hiyo itaonyesha jina lake, si lako. Kabla mshahara ujao haujaingia, beba kitambulisho uende ukasajili laini kwa jina lako mwenyewe, kisha mpe karani wa mishahara namba hiyo.